Roda Awinja na Mvule Alioupanda

Roda Awinja hana haraka. Ukimngoja mwende naye kanisani, mtafika mahubiri yamekwisha. Ninasema hivyo kwa mapenzi, maana nimekuwa jirani yake hapa Amalemba miaka ishirini na nimekosa mahubiri mengi.

Alishona sare za shule mpaka macho yakachoka. Mumewe, Philemon, alifariki zamani, akamwachia binti mmoja na nyumba katika ploti ambayo hati yake bado ina jina la baba mkwe. Nyuma ya nyumba kuna mvule mnene. Watu wawili wakiukumbatia, mikono yao haikutani.

Mwaka jana shemeji yake, Onesmus, alitaka kuukata ajenge vyumba vya kupangisha wanafunzi. Onesmus si mtu mbaya. Ndiye aliyemsomesha binti wa Roda mpaka chuo. Lakini kanuni za mipango ya mji zilikuwa zimebadilika: mti uliopita miaka thelathini haukatwi ovyo, hata ukiwa ndani ya ua wako. Roda akaandika barua, na kaunti ikamtuma afisa, kijana anayeitwa Kiprotich.

Aliupima mti kwa utepe, nasi tukimtazama.

"Hii mti ni ya juzi," Onesmus alisema. "Ndugu yangu hakupandanga kitu hapa. Imejiotea tu."

"Unene peke yake hautoshi, mzee," Kiprotich alimjibu. "Nataka jina la mwenye alipanda, na mwaka. Nikiandika haijulikani, siwezi kuilinda."

Roda aliutazama mti kwanza. Nilidhani anatafuta mwaka, kumbe mwaka anaujua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Huku kwetu mwanamke hapandi mti. Mti ni alama ya mwenye ardhi, na wazee walisema mke akiupanda anamchimbia mumewe kaburi. Angeweza kumtaja Philemon, lakini mwaka ule Philemon alikuwa kazini Nakuru, akiishi chumba kimoja na huyo huyo Onesmus.

"Ni mimi," alisema. "Themanini na nne, mwezi wa nne."

Kiprotich, ambaye kwao ni Nandi na mwiko huo hakuujua, aliandika kama anayeandika bei ya mahindi. Onesmus aliketi chini.

"Philemon alijua?"

"Alijua. Alikuja Krismasi, akaimwagia maji."

"Na mwaka uliofuata akakufa."

"Alikufa kwa ajali ya basi, shemeji. Na wengine kumi na mmoja. Hao wake zao walipanda nini?"

Onesmus aliinuka. Chai ilikuwa tayari mezani, akaiacha ikapoa, akaenda zake. Barua ya kaunti ilipofika ikisema mvule umeandikishwa na hauguswi, Onesmus alikuwa ameshawarudisha makwao wenye msumeno aliokuwa amewakodi. Alisema mti uliomla ndugu yake hautamla na yeye. Tangu siku hiyo hajakanyaga pale, na mkewe akimwona Roda sokoni hugeukia vitunguu. Mimi jambo hili liliniudhi sana. Mtu amemjua shemeji yake miaka arobaini, kisha anamtupa kwa neno la wazee ambao hata majina yao hayakumbuki.

Jioni moja nilimuuliza Roda waziwazi kama anaamini alimuua mumewe. Tulikuwa tunachambua mboga.

"Siku zingine," alisema.

Nilikasirika, nikamuuliza mbona basi hakuuacha mti ukatwe, asahau, abaki na watu wake. Alimaliza fungu lote la mboga kabla ya kunijibu. Nimeshasema hana haraka.

"Wangeikata nikiwa nimenyamaza," alisema, "ingekuwa nimekubali kwamba nilimuua."