Chumba Nilichokisifia Mbele ya Watu

Nimechoka kuwa mfano. Naanza na hilo ili mtu asije akasoma akitarajia nimpe hatua za kufanikiwa, kwani sina. Nina chumba cha kushonea sare za shule pale Bigwa, vyerehani vinne, wasichana watatu wanaonisaidia, na mgongo unaoanza kuuma kila ikifika saa nane mchana. Kwa sababu ya vyerehani hivyo, wanawake wakifanya kongamano mjini hunialika. Huniweka mbele kwenye kiti kilichofungwa utepe, wananipa maikrofoni, wananiuliza siri yangu. Najua wanachokitaka. Wanataka habari inayoanza kwa machungu na kuishia kwa vigelegele, na isiwe ndefu, maana pilau imeshaiva na harufu imeshafika ukumbini.

Mwaka huu niliwapa. Nilisimama na kitenge changu cha njano, nikawaambia kwamba nilipovunja ungo niliwekwa ndani, na kwamba chumba kile ndicho kilichonifundisha uvumilivu. Nikasema, "Mama yangu, popote ulipo, asante." Popote ulipo! Kana kwamba sikujua alipo. Alikuwa juu mlimani palepale alipokuwa siku zote, anapalilia maharage yake. Lakini maneno yalikaa vizuri mdomoni, ukumbi ukapiga vigelegele, na mama mmoja wa mstari wa mbele akafuta machozi. Nilirudi kukaa nikijisikia kama niliyeuza kitambaa chenye tundu na mteja hajaliona.

Ukweli wa chumba kile ni huu. Nilivunja ungo nikiwa darasa la sita, kijijini kwetu, ambako ukitoka Bigwa unapanda kwa bodaboda mpaka barabara inapokoma, kisha unamalizia kwa miguu. Kwetu Waluguru msichana akivunja ungo anakuwa mwali. Anawekwa ndani, anafundwa, analishwa, haonwi na watu, na siku ya kumtoa inapigwa ngoma. Zamani walikaa miaka. Mimi nilikaa miezi kumi na minne, na watu walisema nimepunguziwa.

Chumba kilikuwa cha nyuma, kidirisha chake kimezibwa kwa gunia. Nilifundishwa kukaa nimeinamisha kichwa, kutomtazama mkubwa usoni, na kujibu kwa sauti ndogo ambayo mtu wa chumba cha pili asingeisikia. Hayo nilijifunza upesi, nilikuwa mtoto mwepesi wa kushika. Kilichonishinda ni kengele. Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya korongo, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ikigongwa naisikia. Ya kwanza, mstarini. Ya pili, hesabu. Ya tatu, uji. Nilikaa juu ya mkeka nikilifuata darasa langu kwa masikio mpaka siku ya mtihani wa darasa la saba, ambayo niliijua kwa sababu siku ile kijiji kizima watoto wadogo walibaki nyumbani na rimu iligongwa taratibu, kwa adabu. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nililia, na nilimchukia mama yangu kwa moyo wangu wote.

Nilitolewa nimenona na ngozi imekuwa nyeupe. Walinibeba mabegani, wakanisifia uzuri, na jua likaniumiza macho hadi nikashindwa kuona wanaonisifia. Mavuno yaliyofuata niliolewa. Ndoa hiyo sitaieleza hapa, inatosha kusema niliiacha na nguo nilizovaa, nikashuka Bigwa. Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwa fundi cherehani mmoja, mwanamke mtu mzima ambaye macho yake yalikuwa yamechakaa. Aliniita nimtungie uzi kwenye sindano, halafu akaniita nimshikie kitambaa, halafu akanipa tepu.

Watu wakisema kujiamini, mimi nakumbuka tepu. Huwezi kumpima mtu kwa mbali na huwezi kumpima umeinama. Lazima umsogelee, umwambie, "Inua mkono. Geuka. Simama wima." Mimi, niliyekuwa siwezi kumtazama mtu mzima usoni, nikawa nawaamuru watu wazima wageuke, na wakageuka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Kingolwira, mnene, mwenye sauti ya kugomba. Nilimwambia ainue mkono, nikangoja anizabe kibao. Akauinua. Ndiyo siri yangu hiyo, na katika kongamano sijawahi kuisema kwa sababu haina vigelegele.

Basi, wiki chache baada ya kongamano, mdogo wangu akanipigia simu. Yeye yuko Kisaki, anauza chakula karibu na stesheni, na binti yake alikuwa amemwacha kwa mama yetu kule mlimani asome.

"Dada, mtoto kavunja ungo," akasema, kwa furaha kabisa. "Mama kamweka ndani."

"Kamweka ndani vipi? Si yuko darasa la saba?"

"Mpaka mavuno tu."

"Na mtihani? Umebaki wiki tatu!"

Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake. "Dada, lakini si wewe mwenyewe ulisema? Video yako hata huku imefika. Mama anasema mtihani wewe hukufanya, na tazama ulivyo sasa. Anasema chumba kilekile kilichokutoa wewe ndicho kitakachomtoa na mtoto."

Nilikaa chini, juu ya marobota ya kitambaa cha bluu. Msichana mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Ningeweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji. Angemwita mama ofisini, angemgombeza mbele ya watu, mtoto angerudi shule siku ileile. Nililifikiria hilo njia nzima. Lakini yule ni mama yangu, na sababu nilimpa mimi, kwa kinywa changu, kwa maikrofoni. Asubuhi iliyofuata nilifunga ofisi, nikapanda bodaboda. Barabara ilipokoma nikaanza kupanda kwa miguu. Wanawake walikuwa wanateremka na mabeseni ya njegere kichwani kuwahi sokoni, wepesi, wakinisalimia bila kupunguza mwendo, na mimi mwanamke wa mfano nikawa nasimama kila kona nashika magoti.

Nilimkuta mama uwanjani amekaa kwenye kigoda, anapukuchua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jua lote hili?" Akaniangalia, akatabasamu, na tabasamu lile lilinitisha. Mama yangu hakuwa mtu wa kunitabasamia.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani. Katulia, hasumbui."

"Mwalimu hakuja kumuulizia?"

"Alikuja. Nikamwambia ana homa."

"Mama, mtihani ni wiki tatu zijazo."

"Wewe mtihani hukufanya. Umekosa nini?" Aliuliza bila ubishi, kama mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake wote mnalijua. Kisha akaweka ungo pembeni. "Binti wa jirani alinionyesha kwenye simu. Umevaa njano, umependeza. Nikamwambia rudia. Akarudia. Kila aliyepita hapa nilimwita aje aone. Unajua, miaka yote hii nilikuwa nasema huyu mtoto ana kinyongo na mimi. Unaniletea sukari, unaniletea kanga, lakini hukai. Chai unakunywa umesimama. Nilijua tu. Sasa ulivyosema asante mama, mbele za watu, nikasema alhamdulillahi. Mwanangu kanielewa kabla sijafa."

Nilikuwa nimepanda mlima nikiwa nimejiandaa kupambana na bibi mkaidi. Kwa mama mwenye furaha sikujiandaa. Maneno yote niliyoyapanga kwenye kona zile yalinitoka. Nilitamani mno nimwache na furaha yake, ninywe chai nimekaa safari hii, niteremke. Nilikuwa nimechoka, na uongo ule ulikuwa umeshafanya kazi ambayo ukweli wangu haukuwahi kuifanya.

Ndipo rimu ikagongwa, ng'ambo ya korongo. Ni ileile. Ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta, nikasikia mkeka ukichakarika, mtu anajigeuza. Nikajua anahesabu. Anajua ni kipindi gani.

Nikamtazama mama usoni. "Nilidanganya," nikasema.

"Ulidanganya nini?"

"Kule ukumbini. Chumba kile hakikunifundisha kitu. Nilikuwa naisikia kengele hiyo, mama, kila siku, miezi kumi na minne. Kilichonitoa mimi ni yule fundi wa Bigwa. Wewe uliniweka ndani, na mimi nililia, na ulinisikia nalia."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage. Kuku akaja, akadonoa mawili matatu, na hakumfukuza.

"Mimi nilikaa miaka miwili," akasema baadaye. "Hakuna aliyeniuliza kama nalia."

"Najua."

"Nilidhani ndivyo mtoto anavyotunzwa."

"Najua, mama."

"Kwa hiyo kinyongo kipo."

Ningeweza kumpunguzia. "Kipo," nikasema.

"Kikubwa?"

"Kilikuwa kikubwa zaidi. Lakini kipo."

Akaitikia kwa kichwa, akachukua ungo wake, akaendelea kupukuchua. Hakusema nimtoe mtoto, hakusema nisimtoe. Nikangoja mpaka nikachoka kungoja, nikaingia ndani mwenyewe.

Kidirisha bado kilikuwa na gunia. Mtoto alikuwa amekaa juu ya mkeka, kanga imemfunika kichwa, kidevu kimegusa kifua. "Shikamoo mama mkubwa," akanong'ona, akiisalimia miguu yangu. Nikaitikia. Mimi ninayelipiwa nauli na chakula nizungumze na wasichana, nilisimama pale kama gogo. Kwenye msumari ukutani ilining'inia sketi yake ya shule, na kwa macho tu nilijua haitamwingia tena kiunoni. Alikuwa amelishwa vizuri. Nikafungua mkoba, nikatoa tepu.

"Simama," nikamwambia.

Akasimama, kichwa chini.

"Inua mkono. Huwezi kupimwa umeinama hivyo. Niangalie mimi."

Hakuniangalia. Akageuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni, na mimi nikageuka. Mama alikuwa amesimama kizingitini, ungo kiunoni. Sijui alikuwa pale tangu lini. Alimtazama mjukuu wake, akaitazama tepu mkononi mwangu, akaitazama na ile sketi.

"Muachie upindo mkubwa," akasema. "Bado anakua."

Kwetu mtu mzima hasemi nimekubali. Mtoto alielewa kabla yangu. Mkono ukapanda, taratibu, kama wa mtu anayeogopa kugonga dari, na kichwa kikapanda nao. Ana macho ya mdogo wangu. Nilimpima kiuno mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuona namba.

Mchana ule niliifumua sketi na kuiongeza kwa mkono, uwanjani, bila cherehani. Mama alishika upande wa pili ili kitambaa kisivutike. Tulikaa hivyo muda mrefu, na chai niliinywa nimekaa, kwa sababu huwezi kushona umesimama. Jambo moja tu alilisema: "Ngoma yake nitampigia mtihani ukiisha. Na hilo usinikatalie." Sikumkatalia. Ngoma haikuwahi kunifanyia ubaya.

Nilipoaga, alinisindikiza mpaka mwanzo wa njia ya kuteremkia, kitu ambacho magoti yake hayamruhusu kukifanya mara nyingi. Mtoto alikuwa nje ya mlango, amekunja uso kwa jua, anatupungia. Mama alisimama ameshika mgomba.

"Ile ya kwenye simu," akasema.

"Nitawaambia waifute, mama. Nitasema nilikosea."

"Hapana." Alikuwa anatazama chini, penye miguu yangu, kama mwali. "Kwa wengine sema unavyotaka. Lakini yule binti wa jirani usimwambie afute. Niachie. Najua ni ya uongo, nitakuwa nasikiliza tu."

Mtoto alirudi shule, na mtihani aliufanya. Nimeshaalikwa kwenye kongamano jingine, nikasema mgongo unauma. Kwa binti wa jirani sijasema neno.