Mpangaji Wangu Mkaguzi wa Dawa

Chumba cha uani nilimpangisha Leonia mwaka ule Wakongo walipokuwa wakishuka ufukweni Kibirizi boti kwa boti, na Warundi wakizidi kuja kwa miguu kutoka Manyovu. Nilidhani ni nesi. Alikuja na begi moja na jiko la mafuta ya taa, akaniambia anafanya kazi serikalini, kukagua dawa. Nikamuuliza anakagua zina nini. Akasema, "Zina waongo wengi nyuma yake, mama Hasna."

Nyumba ilikuwa Rusimbi, ya mume wangu Abdulkarimu kwa jina, yangu kwa jasho. Matofali ya chumba kile niliyanunua kwa dagaa. Yeye wakati huo alikwisha oa mke mwingine, mtaa wa Mwanga. Akija kwangu ni kuchukua kitu au kuweka kitu. Hayo nayasema kwa sababu yanahusika, na kwa sababu bado yananiuma.

Leonia alikuwa Muha wa Kasulu, mrefu, anatembea kwa haraka kama mtu anayefuata ng'ombe. Sokoni Mwanga wakimwona tu, vikopo vinaingia chini ya khanga. Wenzake, nasikia, walikuwa wakifika na askari na kubeba. Yeye kwanza alikuja peke yake. Anavuta kigoda, anasalimia, "Mwakeye," anauliza habari za watoto, kisha anasema taratibu, "Haya, dada, toa hicho ulichokalia." Watu walicheka huku wanatoa. Alichukua mabomba ya sindano yaliyochemshwa na kuchemshwa tena hadi namba zikafutika. Alichukua vidonge vilivyomwagwa kwenye beseni kama karanga. Alichukua na rangi mbili, zile kapsuli ambazo kwetu mtu akijikata huzifungua na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda. Kwa hizo tulibishana kila wiki.

"Dawa ya kumeza unaumwagia mguu," alikuwa akisema. "Mguu una mdomo?"

"Lakini kidonda kinakauka."

"Hata majivu yanakausha."

Siku moja nilimkuta ufukweni na bibi wa Kirundi aliyekuwa akiuza vidonge vyake vya presha kimoja kimoja ili apate kula. Nikajua bibi wa watu ananyang'anywa. Leonia alichuchumaa, wakaongea, Kiha chake na Kirundi cha bibi vikielewana, kisha akavifunga vile vidonge kwenye ncha ya kitenge cha bibi, palepale vilipokuwa. "Ni vyake," akaniambia. "Akiviuza atakufa." Akamshika mkono hadi zahanati. Chakula nikatoa mimi, huku nanung'unika.

Basi Leonia akaugua malaria, na ilikuwa wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wetu hawaendi ziwani, maana dagaa hufuata mwanga wa karabai, zile taa za kuvulia, na mwezi ukiwaka karabai haina kazi. Chanja za kuanikia kule ufukweni hubaki tupu na sisi waanikaji tunakaa nyumbani. Nilishinda uani nasuka ukili wa mikeka na kumkorogea uji. Chakula cha nyumba kilikuwa maharage, mchana na jioni. Alipopata nafuu aliniambia, "Nikipona haitakuwa kwa dawa. Itakuwa kwa kuyakimbia haya maharage."

Alirudi kazini. Haikupita muda, mtoto mmoja wa Kasingirima akapewa dawa ya kifua, badala ya kupona akazidiwa, akalazwa. Leonia alipoziona zile kapsuli zilikuwa zimevimba na kugandana, zimeshika mchanga. Akalifuata duka lililouza. Mwenye duka akamtaja Abdulkarimu kuwa ndiye aliyemletea.

Ndipo jioni moja akaingia uani kwangu na askari, afande Elikana, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa ziwa. "Leo sikuja kama mpangaji," alisema, na hakunitazama usoni. Kwenye stoo ya uani, mume wangu alikokuwa akiweka vitu vyake, wakatoa gunia la kapsuli zilezile, na harufu ya dagaa ikajaa ua mzima. Nikifungwa, Hasna wangu angelelewa Mwanga na mwanamke aliyekuwa hataki hata kuitikia shikamoo yake.

Abdulkarimu akaitwa. Alifika na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasema bila kupepesa, "Afande, hizo ni za mke wangu. Alinunua kwa Wakongo, zikaingia maji kwenye boti, akazianika. Mimi nauza vitenge, dawa nazijulia wapi?"

"Mimi, Abdulkarimu?" nikamwambia.

"Nani mwingine mwenye chanja hapa? Nuseni wenyewe. Kaanika pamoja na dagaa wake."

Afande akanigeukia, na kwa sura ile nilijua kwamba amekwisha amua.

"Pamoja na dagaa," Leonia alisema. "Mwenye duka anasema alizipokea Ijumaa, wiki mbili zilizopita. Zilianikwa lini?"

"Siku hizohizo, kabla ya Ijumaa. Dagaa walikuwa wengi, akazichanganya."

Afande Elikana akaguna. "Bwana Abdulkarimu, siku hizo mwezi ulikuwa kama sinia. Dagaa uliwatoa ziwa gani?"

"Harufu..."

"Chanja inanuka hata ikiwa tupu," afande akamkata.

"Na mimi nilikuwa nimelala chumba kile," Leonia alisema. "Kila nikifumbua macho namwona mama Hasna na ukili wake. Nimekula maharage mpaka nikayaota. Wewe hukujua, maana siku zile hukukanyaga humu hata mara moja."

Chanja zangu alizitumia Abdulkarimu mwenyewe, akijua kwamba mbalamwezi siendi ufukweni, na gunia akalileta stoo baadaye. Alichosahau ni kwamba dagaa nao hawaendi.

Wakaondoka naye. Leonia alifika mlangoni, akarudi. "Mama Hasna, na zile za kwenye kopo la chumvi."

"Hata leo?"

"Hasa leo."

Nikampa rangi mbili zangu. Kesho yake akafungasha begi. Alisema mkaguzi halali kwenye nyumba aliyokamata dawa, watu watasema ananilinda kwa ajili ya ugali. Nilimwona ana roho ngumu, nikamwambia hivyo. Akajitwisha begi, akatoka.

Mtoto yule alipona. Abdulkarimu ndugu zake walimtoa rumande, akanipa talaka, na nyumba wakaichukua pamoja na matofali yangu. Mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyeniomba radhi, wala siwasubiri.

Mimi na Hasna tukapanga chumba Kasingirima. Mbalamwezi ilipokuja tena, chanja tupu, sufuria tupu, nikasikia hodi. Alikuwa Leonia, amebeba mfuko kutoka kwao Kasulu.

"Nimekuletea usichonacho," alisema.

Nikafungua. Maharage.

Nikayapika na mawese. Alikula sahani mbili, analalamika kila tonge.