Sidi Iliyopakwa Mafuta ya Kukamulia

Jumamosi moja asubuhi baba yangu alishuka Voi kutoka kwake Chawia, kule mlimani, akiwa na mkungu wa ndizi, maparachichi, na sidi ya harusi yangu imefungwa ndani ya leso ya marehemu mama. Ndizi alizitua mlangoni bila kuziangalia tena. Ile leso hakuiachilia mpaka alipomaliza chai.

"Nataka kuona hii," akasema. "Weka kwa kompyuta yako."

Sasa kompyuta yangu ni laptopu, tena nyembamba, ya kujivunia ofisini. Nikamwambia haina mahali pa kuwekea sidi. Baba akanyoosha mkono kwa ile laptopu. Aliichukua, akaigeuza huku na huku, akailaza chali, akapitisha kidole pembeni mwake kote kama anayetafuta kupe kwa mbuzi.

"Mdomo wake uko wapi?"

"Siku hizi zinatengenezwa bila mdomo, Baba."

"Na inakula nini?"

"Kila kitu kinatoka kwa mtandao."

Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kumwangalia mtoto aliyetapeliwa sokoni. "Walikuuzia kitu kimeharibika," akasema, "na wewe ukanyamaza."

Jamani, mimi kuambiwa sijui sidi! Mimi niliyekuwa na kompyuta ya kichogo hapa hapa Voi, ile iliyojaza meza nzima, na kila Jumapili baada ya kanisa ukoo mzima ukajaa sebuleni kwangu kutazama filamu za mateke zenye mtu anayetafsiri kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake. Sidi moja ilizunguka mtaa mzima. Ikirudi imekwaruzwa, tunaisugua na dawa ya meno, inaanza tena kucheza vizuri mpaka pale adui anapotaka kuuawa, hapo inakwama. Kuna filamu ambazo mpaka leo sijui zilivyoisha. Halafu zikaja flashi, zikaja simu, na siku niliponunua laptopu mpya wala sikugundua kwamba mdomo haupo. Nilifurahia tu kwamba ni nyepesi.

Zile sidi zenyewe zilipanda mlima. Ukienda Chawia wakati mahindi yanakomaa utaziona zimefungwa kwa uzi juu ya vijiti, zinametameta kufukuza ndege. Mashujaa wote wa Jumapili zangu wako kule wananing'inia, na ndege wamewazoea, wanatua karibu nao na kujichokoa manyoya. Nilipoona baba ameleta hii moja nilishtuka.

"Hii haikuwa shambani?"

"Unaniona mimi mjinga?" Akakasirika kweli. "Hii sijatundika. Hii nimetunza."

Nikamuuliza kwa nini anaitaka leo, miaka yote hii hajawahi kuitaja. Akaanza kunieleza habari za ng'ombe. Baba akiwa na jambo zito hupitia kwa ng'ombe kwanza, na ukimkatiza anarudi mwanzo, kwa hivyo nilikaa kimya mpaka akafika.

"Sura ya mama yako ninayo, iko pale ukutani," akasema. "Sauti ndiyo inanitoka. Juzi nikiwa zizini nilijaribu kuisikia vile alikuwa akiniita. Nikasikia ya dada yake."

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Mimi sikucheka. Mama alituacha kabla hatujazoea kurekodiana kwa simu, na hata simu yenyewe aliichukia, alikuwa akiishika mbali na sikio na kujibu kwa neno moja. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye hotuba aliyotoa siku ya harusi yangu. Nakala yangu binamu aliiazima "siku mbili tu". Huyo binamu sasa ana wajukuu.

Basi tukatoka kwenda mjini mimi na baba, yeye na leso yake kifuani. Saiba ya kwanza, duka la intaneti, msichana wa kaunta aliishika sidi kwa ncha za vidole akaniuliza kama sina linki. Ya pili walikuwa na kompyuta nzuri mpya, zote bila mdomo. Baba akaanza kunipigia mahesabu ya watu waliouziwa vitu vimeharibika. Duka lililokuwa likiuza filamu, lile nililolipa nusu ya ujana wangu, sasa linauza chakula cha kuku na kava za simu. Mwenyewe alinikumbuka, akafurahi, tukasalimiana vizuri. Nilipotaja sidi akaniuliza, "Za kufukuzia ndege? Zimeisha."

Tukarudi nyumbani kwa miguu, jua limewaka, mimi nimenuna. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwambia, kwamba nitauliza Mombasa, kwamba nitauliza kazini, na nilijua akinitazama tu atajua ni ya kumtuliza. Ndipo jirani yangu akatuona kwa dirisha.

Huyu jirani ni mama wa Kiswahili, ukoo wake ulitoka pwani zamani, na hajawahi kutupa kitu chochote tangu nimjue. Akamwamkia baba, "Shikamoo mzee wangu," akauliza kisa cha kutembezwa juani, na aliposikia akaangua kicheko.

"Wewe mwanamke umezunguka mji mzima na kompyuta yangu iko hapa nyuma ya ukuta? Umeniona nimehama?"

Kweli. Tukaingia kwake, nayo ilikuwa pale pembeni ya makabati, ya kichogo, imevikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Miaka yote nimekunywa chai mbele yake nikidhani ni meza.

"Ina kiburi lakini," akatuonya. "Haifungui mdomo mpaka ichokolewe." Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaichomeka kwenye kitundu kidogo, na trei ikatoka polepole ikilalamika. Baba alitikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa ameuona mdomo hatimaye. Akanitazama ili nijue kwamba ameuona.

Akafungua leso. Jirani akaichukua ile sidi, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena.

"Mzee, hii mmeipaka nini?"

"Mafuta," baba akasema, bila wasiwasi wowote.

"Mafuta gani?"

"Ya kukamulia. Kila Krismasi napaka, isikauke ikapasuka."

Haki ya Mungu nilitaka ardhi inimeze. Yale mafuta ya mkebe, ya kupaka chuchu za ng'ombe! Nilifungua mdomo nimkaripie, halafu nikaelewa alichosema. Kila Krismasi, peke yake huko juu, mzee huyu anafungua leso, anapaka mafuta, anafunga. Nikafumba mdomo. Jirani yeye alijifunika uso na mtandio, mabega yanamtetemeka, kisha akaenda kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akaikausha kwa upole utadhani anakausha mtoto.

Mashine ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Tukangoja. Halafu nikajiona kwenye kioo cha kompyuta, bado nikiwa na kiuno.

Yule mpiga video wetu, Mungu amsamehe, alikuwa fundi wa madoido. Mioyo myekundu iliruka kutoka kichwani mwa mchungaji. Mume wangu, mwembamba kama fito, alizungushwa mara kadhaa kisha akageuka kuwa waridi. Jirani alicheka mpaka akaomba maji. Baba hakucheka. Alikuwa amekaa ncha ya kiti, anangoja.

Mama akasimama na maikrofoni. Gauni lake la buluu, karatasi mkononi ambayo hakuiangalia. Midomo ikaanza kwenda, na kilichotoka ni kinanda.

Ala! Nikaongeza sauti. Kinanda kikazidi. Yule bwana alikuwa ameona hotuba ya mama haina raha, akaifunika yote kwa muziki, mwanzo hadi mwisho, na waridi zake juu. Mama alizungumza, akanyoosha kidole, akasema jambo likawachekesha wageni wote, akajifuta macho. Hatukusikia hata neno. Niliwaka hasira, na kama yule mpiga video angepita pale nje ningemvua viatu.

"Baba, pole," nikasema.

"Acha iende," akasema. Alikuwa anaangalia mikono ya mama.

Nikaiacha, kwa sababu sikujua la kufanya na mkono wangu ila kuuacha pale kwenye kitufe cha sauti. Keki ikakatwa, zawadi zikapita, wimbo ukaisha. Inaonekana huyo fundi alichoka, au alisahau kuweka mwingine, maana kamera ilizunguka nyuma ya nyumba palipokuwa pakipikwa, na ghafla tukasikia upepo. Tukasikia mifuniko ya sufuria, na kuku. Kisha sauti, kabla hatujamwona mwenyewe.

"Wewe na hiyo kamera, toka hapo! Unatutilia vumbi kwa pilau!"

Kamera ikayumba, ikamkuta. Mama, kilemba kimemtelezea shingoni, mwiko mkononi, uso umeiva kwa moshi. Hakutaka tena habari za kamera. Alikuwa anatazama kando yake, ambako baba alikuwa akipita amevaa suti iliyomzidi.

"Na wewe mzee! Tangu asubuhi unazunguka zunguka na hiyo suti. Umekula?"

Kwenye kioo, baba yule kijana alipunga tu mkono na kupita zake.

Baba yangu aliinuka kidogo kutoka kitini, akaegemea mbele.

"Bado," akamwambia. "Bado sijakula, mama."

Nilitaka kuirudisha nyuma, lakini sikuweza kuona pa kubonyeza. Jirani ndiye aliyeinuka, akaenda jikoni kumpakulia baba chakula.