Pampu Iliyomtangaza Mama

Mimi ni mbishi, na ubishi wangu ndio ulionunua ile pampu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Mama alikuwa ameanguka shambani kule magharibi akavunjika nyonga, na daktari akataka akae kwetu Nairobi miezi mitatu, awe anafanyishwa mazoezi ya mguu kila wiki. Kuinamia karai hakuweza tena. Ilibidi aoge akiwa ameketi kwenye stuli chini ya shawa, na shawa yetu pale Woodley ilitoa maji ya kunawia vidole tu. Nikaenda River Road kutafuta pampu.

Muuzaji aliweka mbili juu ya kaunta.

"Madam, hii haina kelele, lakini presha yake ni ya wastani tu. Hii ingine iko na nguvu, lakini inanguruma."

"Nipe yenye iko na nguvu."

"Kwani nyumbani kuna mgeni ama mzee? Kelele inaweza kumsumbua."

"Wewe niuzie pampu. Kwani nitalala nayo?"

Wateja walicheka. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Fundi alipoiwasha, sahani zilitetemeka kabatini. Mimi niliona maji tu, nikafurahi.

Kwa mila zetu, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, sembuse kuoga humo. Mama alikubali kuja shingo upande, kwa ajili ya mguu. Mume wangu naye alilelewa hivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili, asipokwenda kazini, Mama akifungua shawa na pampu ikianza tu kunguruma, yeye aliinuka, akafungua geti na kwenda kusimama barabarani mpaka inyamaze. Hakunieleza, nami sikumuuliza. Nilidhani anafuata gazeti. Geti letu lilikuwa la chuma, na dirisha la bafu lilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Wiki ya tano mama akaanza kusema amepona.

"Mama, daktari hajakuachilia!"

"Nimeshukuru, mwanangu. Wacha niende nikaangalie kuku wangu."

Nilikasirika. Mtu anaachaje matibabu kwa sababu ya kuku? Nilimwambia basi aende, asije akanilaumu. Nikamkatia tikiti ya basi, na njia nzima hadi kituoni sikumsemesha. Alinishika mkono dirishani, nami niliutoa haraka.

Mguu ulikauka vibaya. Alitembelea mkongojo mpaka alipofariki, na nyumbani kwangu hakukanyaga tena.

Ni mama mdogo, mdogo wake, aliyeniambia ukweli, tukiwa kwenye matanga.

"Dadangu alikuwa akisikia geti kila akioga. Alisema hawezi kumfukuza mtoto wa wenyewe kwake ndio yeye aoge."

Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu. Alifunika uso kwa kofia yake.

"Nilikuwa nampa heshima," alisema.

Sikuwa na la kumlaumu. Wote wawili walikuwa wakiheshimiana. Aliyeleta kelele katikati yao ni mimi, na najuta mpaka leo.

Tuliporudi Nairobi nilikwenda moja kwa moja kwa yule muuzaji. Hakunikumbuka. Nilimwomba pampu isiyo na kelele kabisa, nguvu yake iwe yoyote.

"Hiyo watu huchukua wakiwa na mgeni ama mzee," alisema akiifuta vumbi. "Kwako yuko?"

"Alikuwako," nikamjibu.