Tingatinga Apiga Magoti

Miezi mitatu mizima kocha wetu wa mbio za kusukumana kwa viatu vya magurudumu, hapa Mwadui, alinifundisha kujiamini: mpinzani akikuziba njia, msukume kwa bega, usiombe samahani. Nikajiamini hadi nikaandika "Tingatinga" kifuani mwa fulana. Ila baba mkwe, tunayeishi naye, nilimuaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya.

Jumamosi kwenye mechi nimeshaangusha wawili, naongoza, mara namwona mzee kasimama pembeni ya uwanja. Magoti yangu, yaliyozoea kumwamkia kila asubuhi, yakakunjika yenyewe. Nikateleza nayo hadi miguuni pake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Shija." Akaisoma fulana yangu taratibu. "Na wale uliowaangusha, wanaimba sauti ya ngapi?"