Siku Nilipotangaza Mfupa Buchani

Chekeni kabisa, sina shida, hata mimi nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni nafunika uso na leso.

Zawadi wangu alikuwa karibu kufikisha miaka mitatu na hajasema neno hata moja, ni kuvuta nguo na kulia tu, na masikio tulishapima yako sawa. Nilikuwa naogopa, sitawaficha. Majirani wote hapa Huruma wakageuka madaktari (mmoja aliniambia nimnyoe, eti nywele zinazuia maneno), mpaka nikapata kliniki yenye dada mpole anayesaidia watoto waliochelewa kuongea. Akaniambia, "Mama Zawadi, chochote mnachoona, mtajie kwa maneno machache, halafu nyamaza, mwangalie, umpe nafasi ajaribu."

Sasa mtu mwenye akili angeanzia nyumbani na kikombe. Mimi nikaanzia buchani, Jumamosi mchana, watu wamejaa, mtoto kiunoni, nimeitisha kilo ya steki, ile nyama isiyo na mfupa.

"Anko ameshika kisu," nikasema (na sauti yangu mnaijua). Nikanyamaza. "Anko anakata nyama." Nikanyamaza. "Anko ameweka... mfupa! Mfupa mkubwa!" Nikanyamaza tena, macho nimemtolea mtoto, nyusi juu, vile nilivyofundishwa, na laini nzima ikanyamaza pamoja nami.

"Mfupa kwa steki?" mzee mmoja nyuma yangu akauliza. "Hebu rudisha kwa mizani tuone."

Wueh! Kufumba na kufumbua kila mtu anafungua karatasi yake anakagua, mama mwingine anataka apimiwe upya, na mwenye bucha amesimama na kisu chake ananiangalia kama amepigwa kofi.

"Mama, si nilishapima? Huo mfupa nimekuongezea tu, wa supu ya mtoto! Nani amekutuma uniharibie kazi?"

Nilitaka kuomba msamaha, haki ya Mungu nilitaka, lakini kichwa kilikuwa bado kliniki, nikajisikia nikimwambia mtoto polepole, "Anko amekasirika."

Watu wakaangua kicheko. Nikatamani nijifiche kwenye friji ya matumbo.

Ndipo Zawadi akanyoosha kidole. "Fupa!"

Jamani! Nilipiga kelele, nikalia, nikamshika yule mwenye bucha mkono wake wote damu ya nyama, "Amesema! Hajawahi kusema!" Akanitazama, akamtazama mtoto, akaweka kisu chini, akauinua ule mfupa juu.

"Sema tena, mrembo."

"Fupa!"

Mzee wa nyuma ndiye alianza kupiga makofi, na mimi nikatoka pale nikilia bila hata kuchukua nyama.

Nimeapa sitatangaza tena kazi ya mtu mbele ya wateja wake, siku hizi darasa letu ni sufuria na vijiko. Shida ni kwamba Zawadi aliamua "Fupa" ndilo jina la yule mwenye bucha, akimwona hata ng'ambo ya barabara anamwita kwa nguvu zake zote, "Fupa!", watu wanageuka kunitazama mimi. Aibu naisikia mpaka visiginoni, lakini kumwambia anyamaze, hilo siwezi.