Taulo la Mzee Njoroge

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimeketi kwenye benchi katika chumba cha kuvalia, nyuma ya ukumbi wa mtaa kule Jericho, mikono nimeinyoosha mbele nikingoja kufungwa bendeji. Mzee Njoroge, kocha wangu, alisimama mbele yangu bendeji zikiwa mfukoni mwake. Aliitazama ile mikono kwa muda, kisha akasema hafungi. Huko nje watu walikuwa wamejaa hadi madirishani wakiniita kwa jina. Nilidhani mzee ananitania.

Ngoja nianze mwanzo, maana ninyi wa siku hizi mnataka mtu asimulie kama anakimbizwa. Miaka ya tisini mimi nilikuwa bingwa wa ndondi wa uzani wa juu. Usilicheke tumbo hili, lina historia yake. Nilizaliwa Mathare, kule bondeni, baba yangu akiwa mchonga vinyago aliyekuja na patasi zake kutoka Ukambani. Mwili wangu ulikua haraka mno. Kabla sijamaliza shule ya msingi nilikuwa nimempita baba kwa kichwa kizima, na majirani wakamwambia mama kijana huyu apelekwe kwenye ngumi kabla ngumi hazijampeleka korokoroni. Basi jioni nikawa natoka Mathare kwa miguu hadi Jericho, na huko ndiko nilikomkuta Mzee Njoroge.

Mchana alikuwa karani kwenye ghala la mbao, jioni alikuwa wetu. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu mweupe, na alituambia ni ndui ya utotoni. Maneno hakuwa nayo mengi. Ila alikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja: bondia wake hapandi ulingoni mpaka yeye mwenyewe amfunge mikono. Bendeji alizifua nyumbani kwake, akazianika, akazikunja, akaja nazo mfukoni kama mtu anayebeba sadaka. Akikufunga hakutazami usoni. Anashughulika na vidole vyako, huku akikuuliza kama mama hajambo, kama umekula, kama ulilala. Mtu ukiinuka hapo unajiona una baba wawili.

Kwa mikono iliyofungwa hivyo nilitwaa mkanda wa taifa. Uzani wangu haukuwa na watu wengi hapa kwetu, wengi walikuwa askari, na kila nikimwangusha mmoja ilibidi tungoje hadi apatikane mwingine. Nilipelekwa Kampala, nikapelekwa Dar es Salaam, nikarudi na ushindi. Nikipita mtaani vijana wanapaza sauti, "Niaje, Bingwa!" na kina mama sokoni wananipa ndizi nisizoomba. Kinyozi alinikalisha kitini mbele ya waliotangulia. Nawe wajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kufika mazoezini nimechelewa, nikimsalimia mzee juu juu, kama karani mwenzake.

Sasa sikia kilichonipata. Siku moja mazoezini nilipigwa konde la jicho la kulia, konde la kawaida tu. Kesho yake nikaona vidoa vyeusi vikielea mbele yangu. Baada ya siku kadhaa kikaja kivuli pembeni, mfano wa pazia linaloshuka polepole upande mmoja wa dirisha. Niliogopa, mwanangu. Mtu mzima wa kifua hiki, niliogopa hadi nikashindwa kula. Lakini nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikiutetea mkanda wangu nitapelekwa ng'ambo kupigana, na jambo hilo lilikuwa limeshanilevya. Sikumwambia mama, sikumwambia mzee. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami niliwaona wahenga hawajui ndondi.

Siku ya pambano tulipimwa na daktari kabla ya kuvaa. Alisikiliza vifua, akatazama meno, kisha akafika kwenye macho. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi: ziba jicho moja kwa kiganja, uhesabu vidole anavyokuonyesha, kisha ziba la pili uhesabu tena. Nikaliziba jicho la kulia kwa mkono wa kulia, nikahesabu sawasawa. Aliposema la pili, nikashusha mkono wa kulia, nikainua wa kushoto, nikauvusha mbele ya pua na kuliziba lile lile la kulia. Foleni ilikuwa ndefu, na daktari, mtu mwema, hakuwa na sababu ya kunishuku. Akanipitisha. Mzee Njoroge alikuwa amesimama mlangoni.

Ndipo tulipoingia kile chumba, akawatoa wenzangu nje, akakataa kunifunga.

"Mutua," akaniambia, "umebadilisha mkono, hukubadilisha jicho."

 Akavuta kiti akakaa, akaligusa lile jicho lake lenye ukungu.

"Hii si ndui. Ujanja huo niliufanya mimi kabla hujazaliwa. Nikapanda, nikashinda, nikabebwa mabegani. Jicho halikurudi. Mikono hii siifungi."

Hebu fikiri, mwanangu. Mtu anakufunulia aibu aliyoificha maisha yake yote, anakufunulia wewe peke yako ili akuokoe. Nami nilimjibu nini? Nilimwambia kwamba yeye maisha yalimshinda, asitake yanishinde na mimi. Hadi leo nikiyakumbuka maneno hayo najisikia vibaya hapa kifuani.  Nikafungua mlango nikamwita kijana wa klabu nyingine anifunge, akanifunga ovyo ovyo huku akicheka kwa furaha ya kumgusa bingwa.

Nilidhani mzee ataenda zake nyumbani. La hasha. Nilipotoka nikielekea ulingoni nilisikia ndoo ikigongagonga nyuma yangu, nikageuka, nikamwona anakuja na taulo begani. Alikuwa na haki ya kuniacha, na hakuniacha.

Mpinzani wangu alikuwa mtu wa Mombasa, mrefu, mwenye subira. Raundi za kwanza zilikuwa zangu. Nilimtoa damu puani, ukumbi ukawa unatikisika. Kisha akagundua. Bondia mzuri hugundua haraka mahali usipoona. Akaanza kuzunguka upande wangu wa kulia na kunipiga kutoka huko, na makonde yake nikawa nayajua yakishafika. Hata hivyo nilikuwa bado mbele, na kila aliyekuwemo ukumbini alijua niko mbele. Nilikuwa namsukuma kwenye kamba nimmalize, ndipo taulo la mzee, ishara ya kona kusalimu amri, likaanguka katikati yetu.

Mwamuzi akasimamisha pambano, akampa ushindi mtu wa Mombasa. Ukumbi ukalipuka. Sauti moja ikasema mzee ameuza pambano kwa pesa, zikafuata nyingine, mpaka ukumbi mzima ukawa unaimba neno moja: ameuza, ameuza. Viti vilirushwa. Mzee Njoroge alikuwa amesimama kwenye kona yetu mikono imelegea, ananitazama. Nami, mwanangu, niliwageukia wale watu nikafungua mikono yangu hivi, kama mtu anayesema hata mimi sielewi. Sikusema uongo kwa mdomo. Niliusema kwa mikono, mbele ya kila mtu.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa siri hospitalini nikapimwa macho vizuri. Daktari wa huko aliniambia nyama ya ndani ya jicho imeanza kubanduka, na kwamba konde moja zaidi la maana lingelimaliza. Wakanitibu. Uoni mwingi ukabaki, ndio huu unaoniwezesha kukuona ukisinzia. Lakini alinikataza ndondi.

Huku nyuma mtaa ulikuwa unammaliza mzee. Wazazi waliwatoa watoto wao mikononi mwake. Vijana wa Mathare aliokuwa akiwanunulia chai wakahamia klabu nyingine. Kanisani aliambiwa apumzike kidogo kwenye kamati, na unajua maana ya kupumzishwa kidogo. Ghalani wenzake waliacha kula naye. Kila alikopita palikuwa na mtu wa kutema mate pembeni. Mimi nilipewa pole kila nilipokanyaga, na waandalizi wa ngumi wakaanza kupanga pambano la marudiano ili bingwa aliyedhulumiwa arudishiwe mkanda wake. Neno moja tu kutoka kwangu lingemsafisha. Lakini neno hilo hilo lingenizika mimi, kwa sababu hakuna daktari ambaye angeniruhusu kupanda tena akijua. Nikalificha. Kila asubuhi nilijiambia nitalisema nikisharudishiwa mkanda. Fadhila ya punda ni mateke, na punda huyo alikuwa mimi.

Mwishowe usingizi ulinikataa. Jumapili moja baada ya kanisa nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta uani, kwenye bomba, ameinama juu ya karai anafua bendeji. Hakuwa na bondia hata mmoja wakati ule, na bado alikuwa anazifua.  Nikaketi kwenye jiwe, nikaanza kumweleza yote: kwamba najua hakuuza, kwamba hospitali wamenithibitishia, kwamba aliniokoa, kwamba naomba radhi. Nililia, sikufichi. Aliniacha nimalize, akakamua bendeji aliyokuwa nayo, akaitundika kambani.

"Hayo usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwepo."

Basi. Aliingia ndani akamwambia mkewe atuletee chai. Nilikunywa chai ile bila kuinua uso, na hakuzungumza tena habari za ndondi. Aliniuliza kama mama hajambo.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na mapambano ukumbini. Mtangazaji aliponiona akaniita ulingoni niwasalimu watu, kama ilivyokuwa kawaida. Nikapanda, nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia. Niliwaonyesha hata ule ujanja, mkono wa kulia kwenye jicho la kulia, kisha wa kushoto kwenye lile lile. Nikawaambia mzee hakuuza kitu, na kwamba aliyewadanganya ni mimi. Usidhani walinipigia makofi, hayo ni ya sinema. Wengine walizomea. Mtu mmoja wa mtaa wetu, aliyekuwa akiniita ndugu, alinitukana tusi ambalo siwezi kulirudia mbele yako. Wakubwa wa ndondi waliniita, wakanifungia, na huo ukawa mwisho wa bingwa.

Wazazi walianza kuwarudisha watoto kwa mzee, mmoja mmoja, kwa haya. Mimi nikawa nafika jioni kumbebea ndoo. Nilidhani nimelimaliza jambo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wako waliosikia uvumi na hawakuwepo siku nilipokiri, wakahamia mitaa mingine, wakaenda nao. Miaka mingi baadaye, siku tulipomzika Mzee Njoroge, nikiwa nimeshika koleo kwenye kaburi lake, nilisikia mtu nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake kwamba huyu ndiye yule aliyemuuza bingwa wake. Niliweka koleo chini. Nikamgeukia yule mtu, nikaanza upya kueleza, pale pale, pasta akiwa bado hajamaliza kuomba, na mke wa mzee akisikia. Yule mtu alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini sikujua kama ameamini. Sitajua.

Ndiyo maana nakuambia haya, mwanangu, na wewe unajiona una nguvu zote za dunia. Ukiumwa, sema. Ugonjwa hauwi aibu mpaka uufiche. Na katika maisha yako atatokea mtu atakayekusimamisha wakati unadhani unashinda: mwalimu, mama yako, pengine mke. Utamchukia, hilo siwezi kukuzuia, damu ya ujana ni moto. Lakini hata ukimchukia, usikubali avikwe ubaya ambao ni wako. Mkanda niliupoteza na sasa sijui hata uko kabati gani. Jina la mtu si hivyo. Ukilichafua leo kwa kunyamaza, utalifua maisha yako yote na doa litabaki. Kama kuna mtu anayebebeshwa lawama yako sasa hivi, na nimekuona ukiinamisha macho, usimwendee yeye na machozi. Yeye anajua. Waendee wanaomsema, na uende leo.

Mungu akupe watu watakaokuudhi kwa kukupenda, mwanangu. Akupe na ujasiri wa kuwatetea mapema, wakiwa hai na wanasikia.